Bahari Kiunoni

Hapa Kericho mabinti wanavaa vidani vya nanga, eti antiki. Nanga ni tumaini, Waebrania 6:19, sawa. Lakini ikining'inia tu shingoni naiona kama nembo ya fulana.

Pambo letu la bahari ni leketiet, mshipi wa ngozi wa mama Mkipsigis, wenye shanga na kauri. Hebu fikiria: gamba la Bahari ya Hindi limepandishwa na wachuuzi zaidi ya kilomita 700, likashonwa penye tumbo limlinde mama na mimba. Hapo bahari ina kazi.

Dalali mmoja alitaka kununua wa kogo wangu, akautundike ukutani Nairobi. Kogo akamuuliza, kwani huko nani ana mimba?