Koleo Liliwahi Mno

Meno mawili ya mbele ya chini yaling'olewa siku ile Mpanda, na hayakustahili kung'olewa. Mliokuwa kwenye foleni ya huduma ya bure mliona: mama alikaa kitini, akasema yanacheza na fizi zinatoka damu. Tabibu akayatikisa kwa kidole, akaagiza ganzi. Ganzi ilichomwa vizuri, vifaa vilikuwa safi.

Turudi kwenye kile kidole, maana nilisimama hatua mbili tu kutoka kitini. Meno yalicheza kidogo, mbele na nyuma, hayakuzama yalipobonyezwa. Upande wa ulimi, ukoga mgumu ulikuwa umeunga meno manne pamoja. Ndipo mate ya chini ya ulimi yanapomwagikia, na madini yake hugeuza utando laini kuwa jiwe lisilotoka kwa mswaki. Fizi inayokaa juu ya jiwe hilo huvimba, huachia jino, jino hucheza. Kwanza ilitakiwa kupima kina cha mfuko wa fizi: milimita 3 ni kawaida, 5 au 6 bado ni kazi ya kukwangua. Hakupima! Kisha kukwangua, juu na chini ya fizi, na kumwita mama tena baada ya wiki 6 hadi 8. Mfupa ulioliwa haurudi, lakini fizi ikipona jino hukaza.

Nimeambiwa mashine ya kukwangua haikuwepo. Hoja hii naikataa tangu mkoa huu wa Katavi ukiishi kwa umeme wa jenereta. Kikwangulio cha mkono hakiulizi umeme. Katikati ya miaka ya 1980 daktari wa meno Jo Frencken, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, na njia hiyo ikaenea duniani kutoka Tanzania. Frencken na wenzake walihangaika ili jino libaki.

Na bado kuna wanaosema kusafisha kunalegeza meno. Nimeshalijibu hili, nalijibu tena: ukoga ulikuwa umeyashika kama saruji, ukitoka ndipo unauona ulegevu uliokuwepo siku zote. Kinachoumiza fizi ni uchafu, si usafi; mtafiti Harald Löe alionyesha mwaka 1965: watu 12 waliacha mswaki, wote wakavimba fizi ndani ya wiki 3, waliporudia kusafisha, wakapona.

Mama alipewa pamba ya kung'ata, akaondoka. Meno mawili ya pembeni yamebaki na ukoga wake, na hakuandikiwa tarehe ya kurudi.