Nani Aliyekufa? Les Diaboliques, Kutoka Riwaya hadi Filamu

Riwaya ya Boileau na Narcejac, Celle qui n'était plus, ilitoka mwaka 1952. Henri-Georges Clouzot aliigeuza kuwa filamu, Les Diaboliques, mwaka 1955. Aliigeuza kwelikweli. Riwayani, Ravinel na hawara yake Lucienne wanamzamisha mke katika bafu, kumbe wanawake hao wawili wamekula njama dhidi ya mume. Katika filamu, mke na hawara wanamzamisha mume. Kumbe anayewindwa ni mke, mwenye ugonjwa wa moyo. (Filamu yenyewe inawaomba watazamaji wasifichue mwisho wake, ombi ambalo uhakiki hauwezi kulitimiza.)

Majina nayo yana lake. Neno celle lamtaja mwanamke waziwazi, hali diaboliques halina alama ya jinsia. Kiswahili kingeficha zaidi: «asiyekuwapo tena» aweza kuwa mume au mke.

Riwaya hukaa ndani ya fikra za Ravinel, na hofu yake ndiyo inayomwua. Kamera haiingii humo. Clouzot anatumia vitu: sanduku la matete, bwawa linaloondolewa maji na maiti isionekane, suti ya marehemu inayorudi kutoka kwa dobi. Hapo ameipita riwaya. Lakini komisari mstaafu Fichet, anayetokea usiku uleule kuwanasa wakosaji, ni udhaifu. Riwaya iliwaacha wanawake huru, na msomaji akabaki na woga wake. Hata mtoto Moinet, anayedai kumwona tena mwalimu wake aliyekufa, anaufidia udhaifu huo nusu tu.