Fundi Anayejua Kuaga

Kufunga dirisha si kuondoka. Wasimamizi wa seva za Windows Server 2003 walijifunza hilo kwa jasho. Mfumo ule, bila leseni ya ziada, uliruhusu wasimamizi wawili tu kuingia kutoka mbali kwa wakati mmoja. Mtu alimaliza kazi, akabofya alama ya kufunga kwenye kona ya dirisha, akaenda zake kula. Kumbe kikao chake kimebaki kulekule, programu zikiendelea, nafasi ikikaliwa. Wawili wakifanya hivyo, wa tatu alibisha hodi akaambiwa kumejaa. Nyumba imejaa, na ndani hamna mtu.

Aliyeijua kazi hakulazimika kupanda gari. Aliandika mstsc /console, na badala ya kufunguliwa kikao kipya akapelekwa kwenye kikao namba 0, kilekile ambacho angekikuta lau angefika chumba cha seva, akawasha skrini na kushika kibodi. Huko ndiko baadhi ya huduma zilikotoa maonyo yao. Vikao vingine havikuyaona. Windows Server 2008 ikabadili utaratibu: kikao namba 0 kikaachiwa huduma peke yake, kwani ilikuwa hatari programu za watumiaji kukaa chumba kimoja na huduma zenye mamlaka makubwa. Neno /console likaipisha /admin.

Amri hujifunzwa kwa siku moja. Adabu ndiyo huchukua miaka. Fundi akikuta nafasi zimejaa huandika kwanza query session, asome nani yumo na nani alikata mawasiliano akasahau kutoka. Halafu humpigia simu mwenzake kabla ya kumtoa, maana kikao kinachoonekana kimetelekezwa huenda kinanakili data tangu alfajiri.

Tena mkono ulio mbali huenda polepole. Kabla nyaya za baharini za intaneti hazijafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano na dunia ilipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Kila herufi iliyotumwa kwa seva ya Ulaya ilichukua nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi. Mtu aliandika, akangoja, akasoma tena, ndipo akabonyeza.

Utulivu huo unahitajika hata leo, hasa fundi anapogusa kanuni za ukuta wa usalama. Akikosea na kuufunga mlango namba 3389, alikopitia mwenyewe, amejifungia nje. Kwa hiyo kabla ya kubadili chochote huiagiza seva irejeshe kanuni za zamani baada ya dakika kumi, kisha, akiona bado yumo, huifuta ile amri. Ruta za Juniper zina amri ya kazi hiyohiyo, commit confirmed: usipothibitisha ndani ya dakika kumi, mabadiliko yanajirudisha yenyewe. Ni uvumbuzi mzuri mno, chombo kinachokubali tangu mwanzo kwamba bwana wake ni binadamu.

Tarehe 4 Oktoba 2021 amri moja ya matengenezo ilikata mtandao mkuu wa Facebook, na kwa saa sita hivi WhatsApp ikanyamaza, kuanzia Kigoma hadi Muscat. Zana za kuingilia kutoka mbali zilizimika pamoja na mtandao uleule, ikabidi wahandisi wafike wenyewe hadi kwenye vituo vya data, wapite milango iliyojengwa ili isipitike kirahisi.

Siku za kawaida hazina kishindo hicho. Kazi imekwisha, maonyo yamesomwa. Fundi anaandika logoff, anangoja dirisha lijifunge lenyewe, kisha kutoka kwenye kompyuta yake anaiomba seva orodha ya vikao. Jina lake halimo. Nafasi zote mbili ziko wazi.