Televisheni ya Marekani: Nani Muuzaji na Nani Bidhaa?



Hapa kwetu Ipuli, katika mji wa Tabora, nyumba yetu ina mwembe mkubwa uani. Kwa miaka mingi, baada ya sala ya Magharibi, mama yangu mzazi alikuwa akitandika mkeka chini ya mwembe ule, watoto wa nyumbani na wa jirani wakamzunguka, naye akawasikiliza juzuu ya Amma mpaka adhana ya Isha. Siku tuliponunua televisheni, mkeka ulihamia sebuleni na watoto wakageuza nyuso zao kuelekea kwenye kioo. Mama hakugomba. Jioni ya kwanza alikaa nao, akatazama mchezo wa Kimarekani mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sisi hatukutoa hata senti kwa mchezo huu. Basi analipa nani?"

Mama aliuza maembe sokoni umri wake wote, na mtu wa sokoni haamini kitu cha bure. Swali lake ndilo maudhui yetu ya leo, kwani nimeona kwamba wengi wetu tunaoilaumu televisheni hatujapata kuliuliza.

Watu wa pwani na watu wa Unyanyembe tunajuana tangu zama za misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji ilileta nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na, Mwenyezi Mungu atusamehe, wanadamu pia. Nguo iliyotakwa sana ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833. Katika biashara ile mwenye pembe aliiona nguo, na mwenye nguo aliiona pembe. Kila mmoja alijua anatoa nini na anapokea nini.

Mwaka 1871 akafika Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alikaa Kwihara, karibu na mji huu. Merikani aliyoibeba ilimlipia njia, lakini bidhaa aliyoifuata haikuwa pembe. Alifuata habari, ili wasomaji wa mbali wapate hamu ya kununua gazeti. Televisheni ya Marekani ilikuja kuzaliwa katika biashara ya namna hiyo, yaani biashara ya hamu ya watu.

Tutazame historia yake. Shirika la NBC lilianza matangazo ya kawaida ya televisheni mjini New York mwaka 1939. Tarehe 1 Julai 1941 serikali iliruhusu televisheni ya kibiashara, na siku hiyo hiyo likatoka tangazo la saa za Bulova. Mwaka 1950 hata nyumba moja katika kumi haikuwa na televisheni nchini humo. Ilipofika mwaka 1960, karibu nyumba tisa katika kumi zilikuwa nayo. Katika mwaka huo wa 1950 kampuni ya Nielsen ilianza kupima watazamaji wa televisheni, ili ijulikane ni watu wangapi waliokaa mbele ya kila kipindi. Kwa hesabu hiyo bei ya matangazo ilipangwa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mama. Anayelipa ni mwenye sabuni, mwenye gari. Naye hanunui mchezo. Ananunua macho ya watazamaji. Kituo ndicho muuzaji, mwenye sabuni ndiye mnunuzi, na bidhaa inayopimwa na kukabidhiwa ni wewe, ndugu msomaji, pamoja na wanao.

Yaliyofuata yanafahamika kwa kanuni hiyo. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walipenda mno mashindano ya maswali. Mwaka 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyepata umaarufu katika shindano la "Twenty-One", alikiri mbele ya Bunge lao kwamba alikuwa akipewa majibu kabla ya kuingia studio. Watu walidhani wanatazama elimu, kumbe wanatazama chambo. Mwaka 1961 Newton Minow, mwenyekiti wa tume ya serikali inayosimamia utangazaji, aliwakabili wenye vituo mkutanoni, akawataka watazame vipindi vyao wenyewe kutwa nzima, na akavifananisha na nyika kubwa iliyo tupu. Maneno hayo hayakutoka katika mimbari yetu. Ni ya Mmarekani mwenye dhamana.

Lakini haki ni haki, nasi tumeamrishwa kuisema. Mwaka 1963 televisheni hiyo hiyo ilionyesha askari wa Birmingham wakiwaachia mbwa na kuwapiga kwa maji ya nguvu watu weusi, watoto wakiwamo, na wengi waliokuwa kimya wakaona haya. Mwaka 1967 ilipitishwa sheria ya kusaidia utangazaji wa umma, na mwaka 1969 kikaanza "Sesame Street", kipindi kilichowafundisha watoto herufi na hesabu bila matangazo ya biashara katikati. Tazama basi: chombo ni kile kile, ila mlipaji alipobadilika, na kipindi kilibadilika.

Na sisi je? Unguja ilipata televisheni ya rangi mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya serikali. Bara tulichelewa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ni anasa, na vituo vikaanza mwaka 1994 mikononi mwa watu binafsi. Televisheni ya taifa ilikuja baadaye. Kwa hiyo mlango wetu ulifunguliwa kwa desturi ile ya Marekani, kituo kuishi kwa matangazo. Leo simu ya mkononi imekwenda mbali zaidi, kwani inatuhesabu mmoja mmoja.

Masheikh na wazazi wengi wamelalamikia mavazi na mabusu yanayoonyeshwa, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tumelilaumu vazi la mchezaji tukaisahau biashara. Ukiondoa picha zote za aibu, bado utabaki na soko. Tazama vipindi vya Ramadhani katika vituo vyetu: kaswida safi, mawaidha mazuri, na katikati yake tangazo la unga, la sharubati, la mtandao wa simu. Mwezi wa kujizuia umefanywa msimu wa kututia hamu, wala hakuna aliyevaa vibaya.

Huenda ukasema, "Wacha watoto wastarehe, hakuna wanachopoteza." Ndugu yangu, wanapoteza wakati, na Mwenyezi Mungu ameuapia wakati katika Suratul-Asr. Saa moja baina ya Magharibi na Isha, kila siku, ni zaidi ya saa mia tatu na hamsini kwa mwaka. Msafara wa zamani uliochukua pembe uliacha walau nguo ya kuvaa. Huu unachukua jioni za wanetu, na ukiondoka umewaachia hamu ya vitu ambavyo baba yao hawezi kuvinunua.

Sisemi televisheni ivunjwe. Ya kwetu ipo, na taarifa ya habari tunaitazama. Ila tumekubaliana kwamba kati ya Magharibi na Isha inazimwa, na kila kipindi kinachotazamwa wakati mwingine lazima mtoto mmoja ajibu swali la bibi yake: analipa nani? Wiki ya kwanza walinuna. Juzi mjukuu wa miaka tisa alitazama tangazo la biskuti, akacheka, akasema, "Bibi, huyu anatununua sisi." Kisha akachukua mkeka, akautoa nje.

Wabillahi tawfiq.