Safu Moja kwa Hukumu Moja

Cedar Hill ni mji wa vilima kusini-magharibi mwa Dallas, unaojulikana kwa minara mirefu ya televisheni na kwa Ziwa Joe Pool. Katika nyumba moja huko, juu ya meza ya kulia chakula, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Tanzania anasoma hukumu za Mahakama ya Rufani ya nchi yake na kuzigeuza kuwa safu za jedwali. Fani yake ni sayansi ya siasa, tawi linalochunguza mahakama. Swali lake ni fupi: mtu wa kawaida akikabiliana na serikali mbele ya majaji wa rufani, nani hushinda, na mara ngapi? Wahenga walishasema mwenye nguvu mpishe. Yeye anataka kuhesabu.

Ufundi huu una ukoo wake. Mwaka 1948, C. Herman Pritchett alichapisha kitabu kilichohesabu jinsi majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walivyokuwa wakikubaliana na kupingana. Harold Spaeth wa Michigan State alijenga hifadhidata ya mahakama hiyohiyo, ambayo leo ina zaidi ya taarifa 200 kwa kila shauri. Hapa Texas, Robert Carp wa Chuo Kikuu cha Houston na wenzake walikusanya maamuzi ya mahakama za wilaya za shirikisho kuanzia mwaka 1927, yakapita laki moja. Na huko Denton, kaskazini mwa Dallas, C. Neal Tate alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha North Texas, akawa mmoja wa watafiti wanne waliokusanya data za mahakama za juu za nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Wengine walikuwa Stacia Haynie, Reginald Sheehan na Donald Songer.

Hatua ya kwanza ni kuamua hukumu zipi zisomwe. Mgeni wa kazi hii angeanza na mashauri maarufu. Dada huyu anaanza na orodha. Ripoti za sheria zilizochapishwa zamani zilibeba hukumu chache tu ambazo wahariri waliona zina fundisho la kisheria, kwa hiyo anayezitegemea peke yake atadhani mahakama hushughulikia Katiba kila siku. Tovuti ya TanzLII imepunguza tatizo hilo, kwa kuwa inabeba pia hukumu nyingi ambazo hazikuwahi kuingia kwenye ripoti. Anaandika orodha ya mwaka mzima, anaipa kila hukumu namba, kisha anaiachia kompyuta ichague bila upendeleo. Ikiangukia rufani ya wizi wa ng'ombe yenye kurasa sita, ndiyo itakayosomwa. Hairuhusiwi kuirudisha kwa sababu haisisimui.

Kisha anafungua madirisha mawili kwenye kompyuta: hukumu kushoto, lahajedwali kulia. Pembeni upo mwongozo wa misimbo, karatasi zilizobanwa pini na kujaa maandishi ya kalamu. Mwongozo ndio sheria ya kazi. Unaeleza kila safuwima inataka nini, namba gani iandikwe kwa jibu gani, na nini kifanyike jibu lisipoonekana. Hukumu moja, safu moja. Huo ndio msingi wa kila kitu.

Anaanza na kichwa cha hukumu, na hapohapo panahitaji jicho. Chukua shauri la Julius Ishengoma Francis Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Katika ripoti za sheria limewekwa chini ya mwaka 2004, na mwanafunzi mwenye haraka angeandika 2004. Uamuzi wenyewe ulitolewa mwaka 2002. Kosa la miaka miwili linaonekana dogo, lakini atakayetaka kujua kama mahakama ilibadilika baada ya uchaguzi fulani atalihamisha shauri kutoka upande mmoja wa mstari hadi mwingine. Kwa hiyo anashuka mpaka ukurasa wa mwisho, penye saini na muhuri, anachukua tarehe ya kusomwa kwa hukumu. Tarehe ya kusikilizwa inaingia safuwima yake. Mwaka wa ripoti unaingia nyingine.

Zinafuata safuwima za majaji. Rufani za kawaida husikilizwa na majaji watatu. Katika shauri la Ndyanabo walikuwa Jaji Mkuu Barnabas Samatta, Jaji Robert Kisanga na Jaji Kahwa Lugakingira. Kila jaji ana namba yake ya kudumu, ili jina lililoandikwa kwa kifupi katika hukumu moja na kwa kirefu katika nyingine lisizae watu wawili. Kura ya kila mmoja inaandikwa peke yake hata pale wote wanapokubaliana. Siku jaji mmoja akiandika hukumu ya kupingana na wenzake, nafasi yake ipo tayari.

Halafu wahusika. Nani mrufani, nani mjibu rufani, na kila mmoja yuko kundi gani: mtu binafsi, kampuni, ushirika, serikali ya mtaa, serikali kuu. Kwa maneno ni rahisi. Lakini Tanesco ni shirika linalomilikiwa na serikali na linauza umeme kama kampuni. Liwekwe wapi? Mwongozo umelitengea kundi la mashirika ya umma, na aya nzima inaeleza kwa nini. Nilimwuliza, "Dada, si ungeandika serikali tu, yaishe?" Akajibu bila kuinua macho: "Nikiandika serikali leo na kampuni kesho, nitakuwa nimehesabu hisia zangu."

Makundi haya yana sababu. Mwaka 1974 Marc Galanter aliandika makala iliyoeleza kwa nini wenye nacho huelekea kutangulia mahakamani. Serikali au kampuni kubwa huja mahakamani mara nyingi. Ina mawakili wa kudumu, inazijua taratibu, na inaweza kuchagua shauri gani ipiganie na gani ilimalize nje. Mtu binafsi huja labda mara moja katika maisha yake, na shauri hilo moja ndilo kila kitu kwake. Hoja hiyo imepimwa katika nchi nyingi, na haikutoa jibu lilelile kila mahali. Haynie alipoipima Ufilipino, alikuta wanyonge wakishinda kuliko ilivyotarajiwa.

Sasa safuwima ngumu kuliko zote: nani ameshinda. Ndyanabo alikuwa mtu binafsi aliyepinga sheria iliyomtaka mlalamikaji wa kesi ya uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kupangiwa tarehe ya kusikilizwa. Mahakama Kuu ilimkatalia, Mahakama ya Rufani ikakubali rufani yake na kukitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Rufani imekubaliwa, mtu binafsi ameshinda. Shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, la mwaka 1991, linaenda kinyume. Mahakama Kuu ilimpa Pete dhamana, serikali ikakata rufani, na rufani ikatupwa pamoja na kifungu kilichokuwa kikizuia dhamana. Hapa rufani imekataliwa, na mtu binafsi ndiye mshindi. Anayeingiza "imekataliwa" na kuendelea bila kurudi kwenye safuwima ya mrufani ataipa serikali ushindi ambao haikuupata.

Tena kuna rufani zisizo na mshindi. Mwaka 1959, katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitofautisha rufani inayotupwa baada ya kusikilizwa na ile inayoondolewa kwa sababu haikuletwa inavyotakiwa. Majaji wa Tanzania wameendelea kulirejea shauri hilo. Mrufani aliyekosa nyaraka moja anaweza kuondoka bila hoja yake kuguswa, na akarudi akishatimiza masharti. Kwa hiyo ipo misimbo miwili tofauti, na kuna hukumu anayoisoma hadi mwisho ili ajue tu iingie kwenye upi.

Hapa namwona akikawia. Anasoma aya, anarudi nyuma kurasa nne, anasoma tena, kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo na hataki jiwe hata moja lifike chunguni. Mara nyingine majaji wamekubali hoja moja na kukataa mbili, wamefuta adhabu na kuacha hatia, na maandishi hayasemi wazi. Vidole vyake vinaondoka kwenye kibodi. Kisha anaandika 99, ambayo katika mwongozo maana yake ni kwamba haijulikani. Kwa jicho la mpita njia, 99 ni kazi iliyoshindikana. Kumbe imemgharimu muda mrefu kuliko jibu lolote, kwa sababu kabla ya kuiandika lazima amalize mahali pote ambapo jibu lingeweza kuwa.

Sehemu ya hukumu hizohizo hupelekwa kwa mwenzake aliye Houston, ambaye anazisimba upya bila kuona majibu ya kwanza. Baadaye wanalinganisha. Tuseme wamekubaliana katika hukumu 90 kati ya 100. Lakini kama majibu yanayowezekana ni mawili tu, na kila moja hutokea nusu ya mara, wangekubaliana katika 50 hata kwa kurusha shilingi. Kipimo alichochapisha Jacob Cohen mwaka 1960 kinaziondoa 50 hizo za bahati: katika 50 zilizobaki wamekubaliana kwa 40, yaani 0.8. Zile 10 wanazotofautiana wanazijadili kwa simu, moja moja, na kila mjadala unaacha sentensi mpya kwenye mwongozo. Sentensi ikibadilisha maana ya safuwima, hukumu zote zilizokwisha kusimbwa zinafunguliwa tena. Sikumsikia akilalamika. Alirudi safu ya kwanza.

Jedwali likikamilika, swali la mwanzo linajibiwa kwa dakika chache, kwa amri moja ya programu. Jibu lenyewe litakuwa asilimia kadhaa, na pengine litanukuliwa gazetini bila mtu kuuliza lilitoka wapi. Yeye amejiandaa kwa atakayeuliza. Kila safu inabeba namba ya shauri, na jedwali zima, pamoja na mwongozo wake, atalitoa hadharani. Mwenye kutaka kubishana naye achague safu yoyote, afungue hukumu, asome hadi saini ya mwisho, kisha asimbe mwenyewe.