Kihamba na Wana wa Kati: Kuipima Upya Theolojia ya Bruno Gutmann Juu ya Mahali pa Mtu

1. Swali lenyewe

Kila mwezi wa Disemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na watu husema kwa mzaha kwamba Wachaga wanakwenda "kuhesabiwa". Mhubiri wa Krismasi hupata hapo daraja rahisi la kumfikisha kwenye Luka 2, na wengi wetu tumelivuka daraja hilo. Ila tumegundua kwamba mahubiri ya namna hii, yetu wenyewe yakiwamo, huelekea kuishia mahali pamoja: aliyebaki katika kihamba cha baba yake amekuwa mwaminifu, na aliyejenga mjini atakuja kujuta. Mwana mpotevu husimamishwa mbele ya watu waliosafiri usiku kucha wakiwa na sukari, mchele na sadaka ya ujenzi wa kanisa.

Nyuma ya mahubiri hayo iko theolojia. Katika nchi yetu hakuna aliyeiandika kwa kina kuliko Bruno Gutmann. Katika makala haya tunakusudia kuipima theolojia hiyo kwa swali moja: je, inatusaidia kuelewa kwa nini watu hukaa wanapokaa, na kuwachunga vema wanapoujutia uamuzi wao au wasipoujutia?

2. Alilosema Gutmann, na alipoona sawasawa

Gutmann, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1966, alitumwa na Misioni ya Leipzig, akafika Afrika mwaka 1902. Ukiacha miaka ya 1920 alipolazimika kurudi Ujerumani pamoja na wamisionari wenzake, alifanya kazi Kilimanjaro hadi mwaka 1938, na jina lake limeshikamana zaidi na Moshi ya Kale. Alifundisha kwamba Mungu amemfunga mwanadamu tangu asili kwa vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika. Mtu hawi mtu kwanza ndipo aingie katika vifungo hivyo. Ndani yake ndimo anamokuwa mtu. Kazi ya Injili basi si kumng'oa humo. Ni kuvitakasa vifungo na kuvitimiza. Kwa sababu hiyo aliupanga usharika wake kwa kufuata majirani, na vijana wa kipaimara akawaunganisha wao kwa wao kwa mfano wa rika. Kwa sababu hiyo pia aliuogopa mji, fedha na shule inayomtenga mtoto na wazee wake.

Hatuna budi kumpa heshima anayostahili. Wakati Wazungu wengi waliiona milima hii kama mahali pasipo sheria, yeye aliketi na wazee, akasikiliza, akaandika. Kitabu chake kuhusu sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926, na kile cha mafundisho ya jadi kilianza kutoka mwaka 1932. Asingeviandika, mengi tusingekuwa nayo leo.

Tena, aliona sawasawa kwamba ardhi si bidhaa tu. Jirani zetu Wameru wanalijua jambo hili kwa machungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Watu hao hawakudai ekari peke yake, maana ekari wangeweza kuonyeshwa kwingine. Walidai mahali pao. Msomaji anayemdhihaki Gutmann kwa kuipenda mno ardhi ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe amewahi kuona nyumba yake ikichomwa.

3. Kasoro ya kwanza: mahali pana historia

Hata hivyo, Gutmann aliyasoma makazi ya Kilimanjaro kana kwamba yalitoka mikononi mwa Muumba jinsi alivyoyakuta. Koo za Kichaga zenyewe hazisimulii hivyo. Nyingi husema kwamba babu zao walitoka kwingine: Ukamba, Taita, Usambara, Umeru, Umasaini. Walipanda mlimani kwa sababu ambazo mtu yeyote angezielewa: mvua, udongo wenye rutuba, maji ya kuongoza kwa mifereji mpaka migombani, usalama mbali na nyika, na Mangi aliyekuwa tayari kuwapa ardhi wageni ili aongeze watu wake. Kihamba ambacho leo tunakiita asili kilikuwa siku moja shamba la mhamiaji aliyeacha makaburi ya baba zake nyuma yake.

Wala uhaba wa vihamba haukutoka kwa Muumba. Tangu wakati wa Wajerumani, ardhi kubwa ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, na familia zilizokuwa zikishuka taratibu kila kizazi kutafuta nafasi zikakuta uzio. Gutmann alifika Kilimanjaro miaka 2 tu baada ya Mangi Meli kunyongwa Moshi ya Kale, mwaka 1900. Mwanatheolojia anayefundisha kwamba ujirani ni agizo la Mungu hana budi kusema pia ni nani aliyeuvunja, na kwa silaha gani. Taratibu za uumbaji zikitajwa pasipo historia, mkono wa serikali hufichwa nyuma ya mkono wa Mungu.

Hatari hii haikuwa ya Kilimanjaro peke yake. Huko Ujerumani, wapo wanatheolojia walioifanya damu na ardhi kuwa sauti ya Mungu sambamba na Maandiko, hata Azimio la Barmen la mwaka 1934 likalazimika kukataa kwamba Kanisa lina chanzo kingine cha mahubiri yake mbali na Neno moja la Mungu, Yesu Kristo. Hatumweki Gutmann katika kundi la watumishi wa utawala ule. Tunasema tu kwamba mlango alioufungua kwa upendo, wengine waliupitia kwa nia nyingine, na yeye hakuuwekea kizuizi cha kutosha.

4. Kasoro ya pili: waliosahauliwa katika hesabu

Kwa desturi ya Kichaga, mwana wa kwanza na kitindamimba ndio waliokuwa na haki iliyo wazi zaidi katika ardhi ya baba, na kitindamimba ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Wana wa kati walipaswa kujitafutia. Ardhi ilipokuwapo, walifyeka kihamba kipya; ilipokwisha, walikwenda tambarare, halafu mjini. Kwa hiyo kuondoka hakukuwa uasi dhidi ya mila. Kulikuwa ni mila yenyewe ikifanya kazi yake. Mwana wa kati aliyefungua duka Dar es Salaam hakukikataa kihamba. Kihamba hakikuwa na nafasi yake. Tukimhubiria kwamba mwacha asili ni mtumwa, tunamtoza deni ambalo hakulikopa.

Bei ya kahawa nayo ilisema neno lake. Mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na mti uliokuwa umelipa ada za shule kwa vizazi viwili ukashindwa kuendelea kulipa. Matokeo yanaonekana katika sensa. Kati ya mwaka 2012 na 2022 idadi ya watu wa taifa iliongezeka kwa takriban asilimia 37, bali Mkoa wa Kilimanjaro, uliotoka watu 1,640,087 kufikia 1,861,934, uliongezeka kwa asilimia 13 na ushei tu. Uzazi mdogo una sehemu yake katika jambo hilo, lakini kila mchungaji wa mlimani anayezika wazee wengi kuliko anavyobatiza watoto anajua kwamba si uzazi peke yake.

Kundi la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Ndoa ya Kichaga humtoa mwanamke katika kihamba cha baba yake na kumpeleka katika kihamba cha ukoo mwingine. Hivyo nusu ya watu walioishi ndani ya utaratibu ule wa ukoo na ardhi walikuwa wahamiaji. Mama zetu walifika wakiwa wageni, wakajifunza majina ya mifereji ya watu wengine, wakazikwa katika ardhi ambayo hawakuzaliwa nayo wala hawakuirithi. Wao hatukuwauliza kama wanajuta. Kuondoka kwao tulikuita wajibu. Kuondoka kwa kaka zao tukakuita hasara. Theolojia ya mahali isiyoweza kuyaeleza maisha ya mama aliyeandaa chakula cha wageni wa Krismasi imeanza kuhesabu watu vibaya.

5. Maandiko na majuto

Maandiko yanajua majuto ya mahali, lakini hayayapi hukumu moja. Lutu alichagua bonde kwa macho yake, kwa sababu lilikuwa na maji tele (Mwanzo 13), na mwisho wake tunaujua. Lakini kosa lake halikuwa kuhama, maana Abramu naye alihama. Alichagua ardhi pasipo kuuliza habari za majirani. Elimeleki alikwenda Moabu kwa ajili ya njaa, na Naomi alirudi akiwa na uchungu (Ruthu 1). Pamoja na hayo, katika njia ileile ya kurudi alikuwapo Ruthu, ambaye kwake Bethlehemu ilikuwa ugenini. Safari moja ilikuwa kurudi kwa mmoja na kuhama kwa mwingine, na Mungu alikuwamo katika zote mbili. Katika Hesabu 11 Israeli wanayakumbuka matango na samaki wa Misri, wakasahau matofali. Mwandishi wa Waebrania anasema kwamba mababa, kama wangaliendelea kuikumbuka nchi waliyotoka, wangaliipata nafasi ya kurejea (11:15). Njia ya kurudi haikufungwa; ila tumaini lao lilikuwa mbele.

Tena, tuwe waangalifu na Luka 2 yenyewe. Yusufu alihesabiwa Bethlehemu, kisha akarudi kukaa Nazareti, na Bwana wetu akaitwa Mnazareti kwa mji alikolelewa, si kwa mji alikozaliwa. Baadaye alihamia Kapernaumu, na Mathayo 9:1 unauita huo mji wake. Wanaorudi Dar es Salaam baada ya Mwaka Mpya wanamfuata Yusufu hatua zote mbili.

Luther naye ana neno hapa. Mwezi wa Julai mwaka 1545 alikuwa amechoshwa na Wittenberg hata akamwandikia mkewe Katharina kwamba hataki kurudi, na kwamba nyumba iuzwe. Alikuwa ameishi pale zaidi ya miaka 30. Wakamwendea wajumbe, wakamsihi, naye akarudi. Mwaka uliofuata alifia Eisleben, mji uleule alimozaliwa mwaka 1483. Kama mahali pa mtu ni pale alipozaliwa, basi mauti yenyewe ilikuwa imemfikisha nyumbani. Lakini mwili wake ulichukuliwa ukazikwa Wittenberg, katika mji aliokuwa ameujutia, kwa sababu ndiko wito wake ulikokuwa.

Hapo tunajifunza kutofautisha majuto na toba. Majuto ni maumivu ya kuona kwamba njia nyingine ilikuwapo. Toba ni kugeuka kutoka dhambini. Mtu aweza kujuta pasipo kuwa na la kutubu, na mchungaji anayedai toba mahali penye majuto matupu anaweka mzigo ambao Kristo hakuuweka. Katika huduma yetu tumewasikia wazee wa mjini wakijuta kutojenga nyumbani, na wazee wa nyumbani wakijuta kutotoka. Tulipowasikiliza kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi kilichowauma hakikuwa mahali. Yule wa mjini aliumia kwamba ameishi miaka 25 nyuma ya ukuta, na mtu wa upande wa pili hamjui jina. Yule wa nyumbani aliumia kwamba hajasemezana na nduguye tangu walipogombea mpaka, na jani la isale, ambalo tangu zamani huombewa msamaha, halijapelekwa.

6. Kifungo kinachobebeka

Kwa hiyo hatuitupi theolojia ya Gutmann; tunaipanga upya. Katika vifungo vyake vitatu, ukoo hauhamishiki na rika hutawanyika, lakini ujirani unaweza kuanza upya popote. Luther, anapofafanua mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo, anataja nyumba na shamba, kisha anawataja pia majirani waaminifu. Jirani ni chakula. Mahubiri yanayomtaka mtu wa mjini aishi kama abiria anayengoja basi la Disemba yanamnyima sehemu ya mkate wake.

Gharama ya kosa hili ni kubwa. Sharika za mlimani zimejifunza kuwategemea walioondoka kwa michango, na sharika za mjini zimezoea kuwaona kama wageni ambao mioyo yao iko kwingine. Mtu wa namna hiyo hutoa huku na huku, na hachungwi kokote. Anapougua hospitali ya mjini, usharika wa nyumbani u mbali, na jumuiya ya mtaani haijui kwamba alikuwa na jina. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wajenge, wapande bustani, wauombee amani mji waliomo (29:5-7). Hakuwaambia kwamba Yerusalemu si kitu. Aliwaambia kwamba miaka ya Babeli nayo ni miaka ya maisha yao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Sisi twaisikia pia kama agizo kwa wenyeji, na kwa Kanisa kwanza: usimwache mtu akae ugenini miaka 30 ukimwita mgeni. Mpe jembe. Mpe kazi katika jumuiya, mpe jirani wa kumzika na wa kuzikwa naye. Disemba ikifika, aende kuhesabiwa kwa furaha. Na Januari akirudi, akute mtu aliyeona kwamba hakuwapo.