Jicho la Mtu wa Ndani

Msichana amevaa gauni refu na kofia, na yuko hewani. Chini yake zinateremka ngazi za mawe za nyumba moja ya mtaa wa Cortambert, Paris, na miguu yake haijakanyaga hata moja. Ni mwaka 1905. Aliyeruka ni Bichonnade, jina la utani la nyumbani. Aliyempiga picha ni binamu yake, Jacques Henri Lartigue, mtoto ambaye hata miaka 12 hajatimiza.

Wengi wakiiona picha hiyo husema mtoto alibahatika. Bahati haikosi, lakini tuihesabu kazi kwanza. Kamera za wakati huo zilipiga kwenye kioo kilichopakwa dawa, kioo kimoja kwa picha moja. Hapakuwa na kupiga kumi ukachagua iliyotoka vizuri. Mpigaji alikadiria umbali kwa macho, akairekebisha lenzi kwa ajili ya mahali ambapo bado hapana mtu, akatulia, kisha akafyatua mrukaji alipofika hapo. Akichelewa kidogo tu, kioo kimekwenda na maji. Kumwambia mtu aruke ni rahisi. Shughuli ni kujua mwili wake utakuwa wapi katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu ukisubiri uone ndipo ufyatue, umeshachelewa.

Ufundi ninaousifu hapa ni huo wa mpiga picha wa ridhaa: asiye na mteja wala tarehe ya kukabidhi kazi, anayewapiga watu wake, paka na mbwa wake, safari zake, mwaka baada ya mwaka. Sijui aliyeufanya kwa uvumilivu kumzidi Lartigue, ambaye alianza utotoni na kuendelea kwa takriban miaka 80.

Alizaliwa Courbevoie, karibu na Paris, tarehe 13 Juni 1894, katika familia yenye uwezo. Baba yake, Henri, alikuwa mpenzi wa kamera, na ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1902 alimpa mtoto kamera yake ya kwanza: sanduku la mbao lenye stendi ya miguu mitatu na vioo vya sentimita 13 kwa 18. Mtoto alipanda juu ya kigoda ili aweze kuona anachokilenga. Kabla ya hapo, kwa simulizi yake mwenyewe ya ukubwani, alikuwa amebuni kamera isiyo na gharama. Alifumba macho, akayafumbua, akazunguka, akiamini kwamba kila alichokiona kimenaswa kichwani pamoja na rangi zake, sauti zake na hata harufu zake. Siku alipogundua kwamba mtego huo haunasi kitu, aliugua kwa huzuni. Anayejua hilo hashangai kwamba mtoto alipopata sanduku la kweli hakuliachia tena.

Tazama alichokilenga. Yaya wao, Dudu, anarusha mpira juu. Paka, Zizi. Vigari vyake vya kuchezea vimepangwa sakafuni chumbani, na kamera nayo imewekwa sakafuni, hata vigari vikaonekana vikubwa vya kutisha. Kaka yake mkubwa, Maurice, ambaye nyumbani walimwita Zissou, alikuwa mtu wa kubuni mitambo. Huko Rouzat, kwenye makazi ya familia katika jimbo la Auvergne, aliunda ndege zisizo na injini, akajaribu kupaa nazo. Mwaka 1910 mmoja wa mitambo hiyo, ZYX 24, uliinuka kutoka ardhini, na mdogo wake alikuwa hapo na kioo tayari. Mwaka 1911 Zissou yuleyule yumo majini ndani ya tairi alilolifanya boti, suti na tai mwilini, uso mkavu.

Mpiga picha wa kulipwa angeletwa siku hiyo moja, angewapanga watu mstari, angewaambia watulie, angeondoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lartigue alikuwa amekilalia. Alijua Zissou akianza kupekua vifaa vyake, kabla ya jioni kitu kitapaa au kitavunjika. Alijua nani kati ya binamu zake hawezi kushuka ngazi kama watu wengine. Kasi ya kamera ilinunuliwa dukani kwa fedha ya baba. Kujua wakati wa kufyatua ni elimu iliyopatikana mezani, uani na kitandani usiku, wakati watoto wanapanga watafanya utundu gani kesho.

Kuna picha ya mwaka 1912 ambayo hainichoshi. Bwana Folletête, katibu wa baba yake, yuko kando ya maji na mbwa anayeitwa Tupy. Mbwa yuko hewani juu ya maji, miguu imetawanyika. Ukiiangalia sana unaona kwamba mpigaji hakumfuata mbwa peke yake. Angemfuata mbwa, tungepata mnyama anayeelea bila sababu. Amemwacha na yule bwana aliyekuwa akihangaika naye ukingoni, na nafasi tupu kati ya wawili hao ndiyo inayosimulia kisa chote. Kuipa nafasi tupu kazi ya kufanya si jambo dogo kwa kijana wa miaka 17.

Kwa watu wasio wa nyumbani alibuni njia nyingine. Kwenye bustani kubwa ya Bois de Boulogne na barabara ya kuelekea huko walipita wanawake wa mjini waliovalia kisawasawa, wengine wakiwa na mbwa. Kijana alikaa kitini kando ya njia, kamera ameshaipima kwa mita 4 au 5, akisubiri mtu atokee mbali, aikaribie alama isiyoonekana, aifikie. Picha maarufu ya mwaka 1911, ya mwanamke mwenye manyoya ya kifahari na mbwa wake wawili wadogo, ni ya kundi hilo.

Halafu kuna ile ya gari la mashindano. Gari limepita kwa kasi, na gurudumu lake si duara tena. Limekuwa yai lililoinama mbele, ilhali watazamaji walio nyuma wameinama upande wa pili. Hakuna ulaghai. Shata ya kamera ile ilikuwa pazia lenye upenyo mwembamba uliopita mbele ya kioo, kwa hiyo picha haikunaswa yote mara moja. Sehemu ya chini ya gari ilitangulia, ya juu ikafuata, na katikati ya hapo gari lilikuwa limeshasogea. Naye Lartigue alikuwa akiigeuza kamera kulifuata, ila si kwa kasi ya gari, ndiyo maana watazamaji nao wakalala. Kwa miaka mingi aliihesabu miongoni mwa zilizoharibika. Leo ni miongoni mwa picha zake zinazojulikana zaidi. Fundi mzuri hatupi vioo vyake vibaya.

Nusu ya pili ya kazi ndiyo wanayoiruka wasimulizi. Kila siku aliandika shajara: hali ya hewa, nani alikuja, walikwenda wapi. Humo alichora picha alizopiga siku hiyo, kwa mistari michache, kabla hazijasafishwa. Akiharibu kioo kwenye chumba cha giza, walau mchoro unabaki. Na mkono unaochora picha kwa kumbukumbu unalifunza jicho, kwa maana lazima ukumbuke mguu wa mbwa ulikuwa wapi, na ukishindwa unajua kwamba hukutazama sawasawa. Kuanzia 1912 alijaribu pia vioo vya rangi. Hivyo vilidai mwanga mwingi na watu watulie, jambo lisilopatana na nyumba ile ya warukaji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 aliachana navyo.

Picha alizibandika kwenye albamu kubwa, akaandika chini yake jina, mahali na mwaka. Safari za theluji Chamonix, pwani ya Biarritz, bahari ya kusini, wake zake, mwanawe Dani, marafiki, mbwa, magari. Albamu zilizidi 100, na uzeeni alizipanga upya. Riziki yake aliitafuta kwenye uchoraji, na mwenyewe alijiita mchoraji.

Dunia ilimjua akiwa na miaka 69. Mwaka 1963 John Szarkowski, msimamizi wa idara ya picha katika jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa, New York, alionyesha picha zake humo, na jarida la Life likazichapisha mwishoni mwa Novemba, katika toleo lililokuwa na habari za kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, hivyo likasomwa na watu wengi mno. Mwaka 1974 ndiye aliyepiga picha rasmi ya Rais Valéry Giscard d'Estaing. Mwaka 1979 aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi yake yote. Alifariki Nice mwaka 1986.

Iliifaa New York kumtangaza kuwa mtoto asiyejua kitu aliyezaliwa na kipaji. Mtafiti Kevin Moore ameipinga hadithi hiyo: kijana alikuwa na mwalimu nyumbani, vifaa bora, na majarida ya michezo yaliyojaa picha za mwendo. Hilo halimpunguzii sifa. Linatuonyesha kwamba kipaji kilikuwa na mazoezi. Wapo pia wanaomlaumu kwa sababu vita vikuu havionekani sana katika albamu zake. Ni kweli, na ni uamuzi wake: alitunza furaha, kwa makusudi, akijua inapotea upesi. Asome kwingine anayetaka habari za vita. Albamu ya nyumbani haijawahi kuwa gazeti.

Leo kila mwenye simu ana kamera ambayo Henri Lartigue hakuiota, na karibu wote ni wapiga picha wa ridhaa. Kasi tunayo. Kuwajua watu wetu tunako, kwa kuwa tunaishi nao. Kilichotupungukia ni ile nusu ya pili: picha elfu tano ndani ya simu, keki ileile imepigwa mara nane, na hakuna hata moja yenye jina. Baada ya miaka 30 mjukuu atauliza huyu nani, na wa kumjibu hatakuwepo. Chagua chache, zitoe kwenye karatasi, andika jina, mahali na mwaka. Paka naye aandikwe jina.